Picha ya Lena na Upimaji wa Mbinu za Kubana Picha

Uchakataji wa picha, yaani kazi ya kuigeuza picha kuwa tarakimu ili kompyuta iweze kuisafisha, kuichambua au kuibana ichukue nafasi ndogo, ulihitaji tangu mwanzo picha chache za pamoja, kwa kuwa mbinu mbili zilizojaribiwa kwa picha tofauti haziwezi kulinganishwa kwa haki. Picha iliyoshika nafasi hiyo kwa takriban miaka 50 haikuteuliwa na jopo lolote.

Katikati ya mwaka 1973, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Southern California mjini Los Angeles, Alexander Sawchuk na wenzake, waliokwisha kuchoshwa na picha za majaribio zilizorithiwa kutoka kwenye utafiti wa televisheni, walikuwa wakitafuta sura ya mwanadamu kwa ajili ya makala ya mkutano, ndipo mtu mmoja alipoingia na jarida la Playboy la Novemba 1972. Ukurasa wa katikati, wenye picha ya Lena Forsén wa Sweden, ulichanwa na kuzungushwa kwenye ngoma ya skana ya Muirhead, iliyosoma mistari 100 kwa kila inchi. Kwa kuwa walitaka picha ya pikseli 512 kwa 512, pikseli ikiwa ni nukta moja ya rangi, walisoma inchi 5.12 za juu tu, na hivyo ni hesabu iliyoikata picha ile mabegani. Mstari mmoja ulipotea katika usomaji, nao wakaujaza kwa kuurudia ule wa juu kabisa, na kasoro hiyo ikasafiri pamoja na picha.

Ubora wake kama kipimo ulikuwa wa kweli. Mbinu inayofifisha maelezo madogo huumbuliwa na manyoya ya kofia aliyovaa Forsén, na ile inayoikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, kama kiwango cha JPEG cha mwaka 1992, ikibana kupita kiasi huacha alama za vigae kwenye ngozi laini ya bega. Hata hivyo David Munson, mhariri wa jarida la wahandisi wa fani hiyo, alikiri mwaka 1996 kwamba picha ilipendwa pia kwa sababu ilikuwa ya mwanamke mrembo katika fani iliyojaa wanaume. Ungamo hilo lina uzito, kwani wanawake walioingia katika fani walikuta kipimo cha kazi yao kimetoka katika jarida la picha za utupu. Tena sura moja ya Mzungu, iliyonakiliwa kutoka karatasi iliyochapwa, ni msingi mwembamba mno wa kuhukumia picha za dunia nzima. Picha nyingine, kama pilipili hoho na mandrili wa misitu ya Afrika ya Kati aliyeandikwa kimakosa kuwa nyani, ziliuongezea msingi huo aina za maumbo na rangi, si sura za watu.

Mwaka 2018 jarida la Nature Nanotechnology liliacha kuipokea, Forsén mwenyewe akaomba istaafishwe katika filamu ya mwaka 2019, na Jumuiya ya Kompyuta ya IEEE, taasisi ya kimataifa ya wahandisi, ikaikataa kuanzia Aprili 1, 2024. Matokeo ya miongo mitano yamebaki yameandikwa kwa picha hiyo, na anayetaka kuilinganisha mbinu mpya na zile za zamani bado hukutana nayo katika majedwali ya mbinu hizo za zamani.