Kipokezi mwenza

Utingo anayenyanyua tairi la lori pale Lusahunga, barabara ya Biharamulo inapoachana na ile ya Rusumo, anaipa mifupa yake sababu ya kukomaa. Mfupa ukibebeshwa uzito huongezeka. Habari ya uzito huo inaingiaje ndani ya seli? Jibu linadai istilahi, nami napendekeza kipokezi mwenza.

Kipokezi ni protini iliyopachikwa kwenye utando wa seli, inayonasa ujumbe kutoka nje. Ujumbe mmojawapo wa kujenga mfupa huletwa na protini za Wnt. Wnt ikifika hushika vipokezi viwili kwa mpigo: frizledi upande huu, LRP5 au LRP6, ambayo ndiyo kipokezi mwenza, upande ule. Mkia wa LRP, ulio ndani ya seli, hutiwa fosfeti na kuivuta aksini, protini inayoshiriki kuiharibu beta-katenini. Beta-katenini hunusurika, hurundikana, kisha huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za ujenzi.

Wepesi wa kalamu utamfanya mtu aandike "kipokezi kisaidizi". Nalikataa jina hilo kwa sababu ya watoto. Mwaka 2001 ilibainika kwamba wanaozaliwa bila LRP5 inayofanya kazi huwa na mifupa inayovunjika ovyo, na wengi wao ni vipofu tangu uchanga. Mwaka 2002 badiliko jingine la LRP5 hiyohiyo lilikutwa Marekani, katika familia zenye mifupa minene kupita kawaida: kizuizi chake kilikuwa hakiishiki vizuri.

Kizuizi hicho ni sklerostini. Hutolewa na seli zilizozikwa ndani ya mfupa, na huing'ang'ania LRP5 na LRP6 hadi Wnt ikose pa kushika. Tairi likimwelemea utingo, seli hizo hupunguza sklerostini. Dawa ya romosozumabu, iliyoidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2019, huinasa sklerostini yenyewe.

Kipo kisa kinachonipinga. Mwaka 1965 Marshall Urist alipandikiza mfupa ulioondolewa madini ndani ya msuli, na mfupa mpya ukaota. Kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya kuzijua protini za BMP. Kwa ujumbe wa BMP, protini za jamii ya RGM, nazo vipokezi wenza, huiwezesha seli kuhisi hata kiwango kidogo. Zisipokuwapo, ujumbe bado hupita kiwango kikiwa kikubwa. Hapo "kisaidizi" lingetosha. Ila mwanafunzi aliyelizoea akifika kwenye LRP6 atadhani seli inaweza kuiacha.