Nyangwe: mitumbwi ilikuwa ya nani?

Tukitaja Nyangwe, wengi tunaanzaka na Tippu Tip na pembe za ndovu. Leo mimi naanza na mitumbwi.

Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walijenga kituo chao hapo miaka ya 1860, upande wa kulia wa Lualaba. Pembe walizipima kwa frasila, kama kilo 16 kila moja, halafu zikabebwa mabegani, mara nyingi na watumwa, hadi Ujiji, Tabora, Bagamoyo na Zanzibar. Ulaya na Marekani zikawa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Bunduki walikuwa nazo. Mto ulikuwa wa Wagenya, wavuvi na wapiga kasia.

Muangalie Livingstone. Alifika Machi 1871, akakaa karibu miezi minne akitafuta mitumbwi, akakosa. (Alifikiri Lualaba ndiyo Nile! Na karatasi zilimuishia, akawa anaandika juu ya magazeti ya zamani.) Tarehe 15 Julai soko lilikuwa na watu kama 1,500, wengi wao wanawake, na wengi walikuwa wamevuka kutoka ng'ambo. Watu wa Dugumbe wakabishana bei ya kuku, kisha wakapiga risasi. Watu wakakimbilia mitumbwi, ikasongamana kwenye hori, wengi wakaruka majini wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria wafu kati ya 330 na 400.

Cameron alikuja 1874, naye akakosa mitumbwi. Stanley, 1876, alikuja na mashua yake ya vipande, Lady Alice, akamlipa Tippu Tip amsindikize. Agosti 1877 akatokea Boma, na Nile ya Livingstone ikaishia hapo.

Sasa tufike 1893. Jeshi la Dhanis, la Leopold II, limekaa upande wa kushoto, linaitazama Nyangwe kwa macho tu. Wagenya ndio waliotoa mitumbwi. Tarehe 4 Machi askari wakavuka, mji ukaanguka. Kasongo ikafuata Aprili. Wengine wanasemaka Wagenya walisaliti. Kumsaliti nani? Hao wa soko la 1871? Mimi sikubali. Lakini bwana mpya naye alitaka pembe, mpira na wapiga kasia, na kiboko mkononi.

Pembe ziligeuza njia tu: badala ya kwenda mashariki kwa miguu, zikafuata maji hadi Atlantiki, kisha Antwerp.