Gati la Karanga Lililogeuka Bohari la Gesi

Mtungi wa gesi unaofika kwa lori katika kata ya Piyaya, wilayani Ngorongoro, haukujazwa gesi ya Mtwara. Gesi ya mitungi huagizwa nje na kushushwa Dar es Salaam na Tanga. Ile ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, ya mwaka 1982, hupita kwenye bomba, na sehemu kubwa huishia kuzalisha umeme. Kwa mfugaji wa Piyaya, gesi ya baharini ingeweza kumletea faida kwa njia moja: nyama ya kuwalisha wanaoichimba.

Bandari ya Mtwara, ambako nyama hiyo ingepakiwa, ilijengwa kwa sababu ya karanga. Mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951. Reli ya kwenda Nachingwea nayo ikang'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Gati likabaki, likiishi kwa korosho za msimu.

Mwaka 2010 kampuni za Ophir na BG zilipata gesi katika bahari kuu ya Tanzania. Statoil wakafuata mwaka 2012 na kisima cha Zafarani, mahali ambapo kina cha maji kinazidi mita 2,500. Meli ya uchimbaji ikishakaa juu ya kisima hairudi bandarini kufuata mahitaji. Mabomba ya chuma, saruji, dizeli, maji ya kunywa, vitunguu: kila kitu hupelekwa na meli za huduma, na gati la Mtwara ndiko zilikopakilia. Mzigo mzito ni tope la kuchimbia. Udongo laini na unga wa madini mazito ya barayiti hukorogwa, kisha husukumwa chini kupoza keekee, kupandisha vipande vya mwamba na kuizuia gesi isifumuke. Tope likikosekana kazi husimama, huku kampuni ikidaiwa kodi ya meli ya mamia ya maelfu ya dola kwa siku.

Mnyororo huo wa ugavi ulikuwa na adui wake. Oktoba 2011 watu waliodhaniwa kuwa maharamia wa Kisomali walivamia meli ya huduma iliyokuwa ikihudumia meli ya uchimbaji Ocean Rig Poseidon, upande wa kisiwa cha Mafia. Washukiwa saba walikamatwa.

Turudi kwenye nyama. Anayelisha wafanyakazi wa meli ya uchimbaji haendi mnadani kupapasa nundu. Anataka nyama iliyokatwa, ikagandishwa na kupewa cheti, ifike kwa saa iliyopangwa, na muuzaji awe na uwezo wa kusubiri malipo ya ankara yake kwa wiki kadhaa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika, lakini ng'ombe aliye zizini bado si bidhaa kwa mnunuzi wa namna hiyo. Katikati vinahitajika machinjio, lori lenye jokofu na mkopo wa benki. Fedha hubaki mikononi mwa wenye vitu hivyo.

Wananchi walitaka sehemu yao. Mtwara iliwaka Januari na Mei 2013 kwa hasira ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Sheria ya Petroli ikaja mwaka 2015, ikitoa kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania, na kumtaka mzabuni wa nje aingie ubia na kampuni ya ndani yenye hisa zisizopungua asilimia 25 katika ubia huo. Sheria nzuri, ila ilikuta wateja wanafungasha. Bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka tangu katikati ya 2014, na uchimbaji ukapungua. Gati likarudia korosho, kisha likapokea makaa ya mawe kutoka Ruvuma.

Chini ya bahari kuu kumebaki gesi inayokadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 47, na eneo la kiwanda cha kuigeuza kimiminika limetengwa Likong'o, Lindi. Wizara zinazohusika zijenge machinjio na vyumba vya baridi sasa. Zikisubiri meli itie nanga, zabuni ya nyama itakuwa imeshapata mwenyewe.