Sahihi ya Pili
Hapa Loki, nikipita Lopiding huwa nawaza kabati la dawa. Kuanzia 1987 hadi 2006, Msalaba Mwekundu uliendesha hospitali pale, majeruhi wa vita vya kusini mwa Sudan wakiletwa kwa ndege. Upasuaji kama huo, bila dawa kali za maumivu, si mchezo.

Lakini dawa hizo hazijali nani amevaa koti jeupe. William Halsted, daktari wa upasuaji Marekani, alianza kujidunga kokeini 1884 akitafiti ganzi. Ikamnasa. Kutibiwa kukamwachia mofini. Hata hivyo aliongoza upasuaji Johns Hopkins mpaka kifo chake, 1922. Mwenzake, William Osler, aliiandika siri hiyo, na maandishi yakafunguliwa 1969 tu.

Daktari akijifanya daktari wa nafsi yake, hana wa kumwambia, "Daktari, basi."

Ndiyo maana mofini hufungiwa kabatini: anayeitoa anaandika daftarini, mwenzake anatia sahihi. Wengine huona ni kutoaminiana. Mimi naona ni kutunzana. Sasa niambie: kwenye kituo cha mbali, zamu ya usiku ikiwa ya mtu mmoja, sahihi ya pili ataitia nani?