Saa Inayogonga na Kazi ya Padre Edward Barlow

Saa za mashine za kwanza barani Ulaya zilitengenezwa ili zisikike kabla ya kutazamwa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 47, inamkabidhi abati wajibu wa kutangaza saa ya sala, usiku na mchana, na ishara ya kuwaita watawa ilikuwa kengele. Hata neno la Kiingereza litajalo saa lina asili moja na neno la Kilatini cha Zama za Kati, clocca, yaani kengele. Saa ya kale ya Kanisa Kuu la Salisbury nchini Uingereza, inayokadiriwa kuwa ya mwaka 1386, haina uso wala mishale. Kazi yake ni kugonga tu.

Saa ya namna hii yenye mishale huwa na misururu miwili ya magurudumu ya meno. Wa kwanza huendesha mishale. Wa pili huinua nyundo na kuiangusha juu ya kengele. Saa inapotimia, komeo hufunguka, msururu wa pili huzunguka, na nyundo hupiga mpaka komeo lifunge tena. Lakini mashine itajuaje ipige mara ngapi? Jibu la kale lilikuwa gurudumu la kuhesabia, lenye mapengo ukingoni yanayoachana zaidi na zaidi, kuanzia pigo moja hadi 12, jumla mapigo 78. Udhaifu wake ni kwamba haliangalii mishale. Likishapiga nne, litapiga tano, hata kama mishale imesogezwa na sasa inaonyesha tisa. Linahesabu kwa mazoea.

Aliyeleta dawa ya kasoro hiyo alikuwa padre. Edward Barlow alizaliwa Uingereza mwaka 1639 kwa ukoo wa Booth, akachukua jina la Mtakatifu Ambrose Barlow, padre Mbenediktini aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 1641. Alisoma katika seminari ya Waingereza mjini Lisbon, Ureno, kisha akarudi kuhudumu nchini kwao, wakati sheria zikiwakataza mapadre Wakatoliki kufanya hivyo. Inakumbukwa kwamba aliishi karibu na maskini, akila na kuvaa kama wao.

Mnamo mwaka 1676 alibuni njia mpya. Kipande chenye ngazi 12, mfano wa gamba la konokono, huzunguka pamoja na mshale wa saa. Kabla ya kugonga, chuma chenye meno huangukia ngazi iliyopo wakati huo, na kina cha anguko hilo ndicho kinachoamua idadi ya mapigo. Kwa hiyo kengele hutamka kile ambacho mshale unaonyesha. Tena, mtu aliyeamka gizani aliweza kuvuta kamba na kusikia saa ikirudia mlio wake. Mwaka 1687, katika shindano la haki ya kutengeneza saa za mfukoni za kurudia mlio, Mfalme James II aliamua kwa upande wa Daniel Quare. Hata hivyo, njia ya Barlow ilienea katika saa za majumbani.

Saa za muziki huongeza pipa lenye vijiti vidogo ambavyo, likizunguka, huinua nyundo za kengele mbalimbali kwa mpangilio wa wimbo. Katika minara ya Uholanzi na Ubelgiji, wimbo mfupi hutangulia mapigo ya saa, ili watu watege sikio na kuanza kuhesabu.

Kwetu sisi tunaohesabu saa tangu mapambazuko, kengele inayogonga mara 12 adhuhuri hutangaza saa sita, na mwamini husimama kusali Malaika wa Bwana. Hapo tujiulize: je, sala yetu hufuata mazoea kama gurudumu la kale, ikiendelea kuhesabu bila kutazama mioyo yetu ilipo? Au kabla ya midomo kutamka, tunashuka kwanza ndani yetu na kuugusa ukweli wa siku ya leo: deni la msamaha kwa jirani, mgonjwa ambaye hatujamtembelea, shukrani tuliyoisahau? Kengele ikilia tena parokiani, tutue mzigo, tunyamaze kidogo, ndipo tuseme.