Mali ya New York na Masomo ya Afrika

Caroline Phelps Stokes, bibi wa New York, alikufa mwaka 1909, akiacha katika wosia wake mali kwa ajili ya masomo ya watu weusi wa Marekani na wa Afrika. Kwa mali hiyo Mfuko wa Phelps-Stokes ulianzishwa mwaka 1911. Tukiuliza ulijenga shule ngapi katika Kongo, tunauliza vibaya. Nguvu yake ilikuwa kwingine: uliwalipa watu wasafiri, watazame, waandike.

Mwaka 1920 na 1921 kamati yake ilizunguka Afrika ya magharibi na ya kusini, ikafika hata Kongo. Mkubwa wake alikuwa Thomas Jesse Jones. Mwafrika mmoja tu alikuwamo, James Aggrey wa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Taarifa yao ya mwaka 1922 ilitaka masomo yapatane na maisha ya kijiji: afya, kilimo na kazi za mikono, mambo ya nyumba, michezo. Waingereza waliyashika mawazo hayo katika waraka wao wa mwaka 1925. Ubelgiji ulikuwa na kamati yake, iliyowekwa na waziri Louis Franck mwaka 1922, na mpango wa mwaka 1924 ulifuata njia ya jirani. Hatusemi kwamba uliiga; misioni zetu zilishika jembe tangu zamani.

Nani atalaumu jembe? Lakini W.E.B. Du Bois, mtu mweusi wa Marekani, mwaka 1918 alikwisha kumpinga Jones, akiogopa weusi wafungiwe mlango wa elimu ya juu. Kwa maoni yetu aliona vema. Kupatanisha masomo na maisha ni neno zuri. Ila ni nani aliyekata shauri maisha hayo yawe ya namna gani?

Tena shahidi alikuwa karibu. Stefano Kaoze, mwana wa pande za Tanganyika, alikwisha kujifunza Kilatini, filozofia na teolojia, akapewa upadri huko Baudouinville mwaka 1917, miaka mitano kabla ya taarifa ile. Hata maandiko yake juu ya roho na mawazo ya Wabantu yalikwisha kupigwa chapa. Seminari haikungoja kamati imwambie Mwafrika aweza kujifunza nini. Walakini nje ya seminari mlango ulibaki mwembamba: Kaoze alikufa mwaka 1951, na chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954.