Udongo Mwekundu wa Songea na Mashimo ya Wamatengo

Mgeni apitaye nchi ya Songea baada ya mvua za kwanza huona udongo mwekundu pande zote, na majani mabichi yakichipuka juu yake, naye husema moyoni kwamba hii ni nchi ya rutuba. Asemavyo ni nusu ya kweli. Udongo huo una tabia njema na una kasoro kubwa, na mtu asiyezijua zote mbili huweza kuuharibu kwa miaka michache. Katika kurasa hizi twataka kueleza tabia za udongo huu, jinsi unavyopokea maji na kuyatumia, na majina uliyopewa na wenyeji na wataalamu. Twaliweka jambo hili katika historia, kwa kuwa watu wa nchi hii waliujua udongo wao kabla haujapimwa na mtaalamu yeyote, na maarifa yao waliyaandika katika ardhi yenyewe.

Mji wa Songea umekaa katika uwanda ulioinuka mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza Novemba na kuendelea hata Aprili, na katika miaka ya kawaida jumla yake hupita milimita 1,000. Toka Mei hata Oktoba nchi ni kavu. Upande wa magharibi, mwendo wa kilometa 100 hivi, iko milima ya Umatengo, ipandayo hata karibu mita 2,000 kabla nchi haijateremka kwenye Ziwa Nyasa. Zamani za utawala wa Waingereza Umatengo ulihesabiwa katika wilaya ya Songea. Sasa Mbinga ni wilaya peke yake katika mkoa wa Ruvuma.

Udongo mwekundu wa nchi hizi umezaliwa na miamba ya kale sana, iliyooza kwa mvua na joto muda wa karne zisizohesabika. Katika muda huo mvua imekwisha kuyeyusha na kuchukua sehemu kubwa ya vitu vinavyolisha mimea, kama chokaa na potasi. Kilichobaki ni mfinyanzi wa namna ya kaolini, pamoja na kutu ya chuma, nayo ndiyo inayoutia rangi. Mfinyanzi wa namna hii haukishiki chakula cha mimea kwa nguvu. Tena udongo una uchachu, na mbolea ya fosfati ikitiwa, sehemu yake kubwa hunaswa na kutu hiyo hata mimea isiipate. Basi rutuba yote ya udongo huu yakaa juu, katika tabaka nyembamba iliyotiwa weusi kidogo na mboji ya majani yaliyooza. Chimba chini ya tabaka hiyo, nawe wapata wekundu mtupu, mzuri kwa macho na haba kwa mahindi.

Walakini kutu ya chuma ina faida yake pia. Hushikamanisha chembe za mfinyanzi kuwa vidonge vidogo, na kati ya vidonge hivyo maji hupita kwa urahisi na mizizi hushuka mbali. Kwa sababu hiyo udongo huu, ukiwa umefunikwa na majani au miti ya miombo, hunywa mvua vizuri kuliko watu wanavyodhani. Lakini ukiachwa wazi, matone makubwa ya mvua huvunja vidonge vya juu, vitundu huziba, na maji yasiyopata mlango wa kuingia hushika mteremko na kuchukua ile tabaka nyembamba yenye rutuba.

Twaweza kuyahesabu maji kama mweka hazina ahesabuvyo fedha. Mapato ni mvua. Matumizi ni matatu: maji yanayopaa kwa jua na kwa kunywewa na mimea, maji yanayotiririka juu ya ardhi, na maji yanayozama chini sana hata kufikia chemchemi. Yanayosalia katika udongo ndiyo akiba. Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ni lita 10,000. Kwa hiyo milimita 1,000 ni lita milioni 10 katika hekta hiyo moja. Mali hiyo ni nyingi, lakini huja yote katika nusu ya mwaka. Katika Januari na Februari mapato hupita matumizi ya mimea. Toka Mei hakuna mapato, na kila kilicho hai hula akiba. Tuseme kwa mfano kwamba mita moja ya kina cha udongo yashika milimita 100 zinazoweza kunywewa na mimea, na shamba latumia milimita 4 kwa siku: akiba itakwisha baada ya siku 25. Katika hesabu hii mkulima hana uwezo juu ya mvua wala juu ya jua. Ana uwezo juu ya fungu moja tu, nalo ni maji yanayotiririka. Akiyazuia, huokoa maji na udongo pamoja.

Hapa ndipo historia inapoingia. Kundi la Wangoni lililovuka mto Zambezi mwaka 1835, likiongozwa na Zwangendaba, liligawanyika baada ya kifo chake, na baadhi ya watu wake walifika pande za Songea katikati ya karne ya 19. Wakatamalaki katika nchi za uwanda. Huko uwandani mtu aliweza kukata miombo, kuchoma matawi, kulima miaka michache juu ya majivu, kisha kuliacha shamba na kufyeka jingine. Wamatengo, kama mapokeo yao yasimuliavyo, walikimbilia milimani na kusongamana humo kwa kuwaogopa Wangoni. Mtu aliyezungukwa na adui juu ya mlima hawezi kuacha shamba lake na kutafuta jingine. Ilimpasa alime pale pale, mwaka kwa mwaka, katika mteremko mkali, juu ya udongo usiosamehe kosa.

Dawa waliyokuwa nayo ni ngoro, ambazo wengine huzitaja ngolo. Mwisho wa mvua, yapata mwezi wa Machi, wanaume hufyeka majani kwa nyengo, yaani mundu wa nchi hiyo. Majani yakiisha kukauka hupangwa kwa safu zinazokatana, hata mteremko mzima ukawa kama wavu uliotandazwa, kila jicho likiwa na upana wa mita moja na nusu au mbili. Kisha wanawake huja na majembe. Huchimba udongo wa katikati ya kila jicho na kuutupa juu ya majani pande zote nne, mpaka katikati pakawa shimo na pande zote pakawa matuta yenye majani yaliyozikwa ndani yake. Maharagwe hupandwa juu ya matuta hayo mara moja, nayo hukua kwa akiba ya maji iliyoachwa na masika. Mvua zijapo tena hupandwa mahindi, na magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni yaoze. Shamba likisha kupumzika na kulimwa upya, mashimo hayachimbwi mahali pake pa kwanza: palipokuwa na tuta huchimbwa shimo, na palipokuwa na shimo lenye mboji hupata kuwa tuta. Hivyo udongo wa juu huzunguka ndani ya shamba lile lile, wala hauondoki.

Na tulitie jambo hili katika hesabu yetu. Jicho la mita mbili kwa mbili lina eneo la mita 4 za mraba. Mvua kubwa ya milimita 50 huangusha humo lita 200. Katika mteremko ulio wazi sehemu kubwa ya lita hizo ingeteremka pamoja na udongo. Katika ngoro maji hukusanyika shimoni, matope hutua chini, na maji huzama polepole. Mvua ikizidi, shimo moja humwagikia la pili, na la pili la tatu, hata nguvu ya maji ikavunjika kabla ya kufika bondeni.

Watawala wa Kiingereza waliliona jambo hili. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika juu ya namna Wamatengo wanavyohifadhi udongo, katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Walakini fundisho hilo halikufuatwa kila mahali. Katika milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, serikali ilianzisha mwaka 1950 mpango wa kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Nia ilikuwa ile ile, kuzuia mmomonyoko. Lakini ngazi zile zilipochimbwa mara nyingi zilileta juu udongo wa chini usio na rutuba, na kuufukia ule wa juu; watu walifanya kazi nyingi wakavuna haba. Mwaka 1955 ghasia zilitokea na mpango ukaachwa. Mkulima wa ngoro huufukia udongo wa juu pamoja na majani, kisha huurudisha juu kwa zamu. Aliyepanga ngazi za Uluguru alijua pembe ya mteremko, asijue kwamba chakula cha mimea kimekaa katika shubiri moja ya juu.

Tuje sasa kwenye majina. Mtaalamu Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alipata shida alipotaka kuchora ramani ya udongo wa Afrika Mashariki. Aliona kwamba kutoka kilimani hata bondeni udongo hugeuka rangi na tabia, na kwamba mageuko hayo hurudiwa katika kilima cha pili na cha tatu kwa utaratibu ule ule. Mwaka 1935 akatoa shauri la kuita mfululizo huo wote kwa jina moja la Kilatini, catena, yaani mnyororo. Na mwaka 1936 ramani yake ikatolewa. Sababu ya mnyororo huo ni maji. Kileleni maji huondoka, na udongo hubaki mwekundu. Chini kidogo maji hukawia, nao huwa wa manjano. Bondeni maji hukaa, na udongo huwa wa kijivu au mweusi.

Wakulima walikuwa na mnyororo huo katika lugha zao tangu zamani. Wasukuma huita udongo wa kichanga wa juu luseni, na ule mweusi wa mabondeni mbuga; na neno hili mbuga limeingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo wa mataifa mengine. Wamatengo wana neno ntambo, maana yake mgongo wa mlima uliopakana na vijito, pamoja na vyote vilivyomo: msitu wa kileleni, ngoro za mteremko, nyumba na mibuni, na bonde la chini. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, walichunguza kilimo cha ngoro na kulieleza neno hilo. Twaona kwamba ntambo na catena ni mawazo ya ukoo mmoja, ila neno la Wamatengo lamtia na binadamu ndani.

Mpango wa majina uliotolewa na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 1974 waendelea kuazima Kilatini. Udongo wenye chuma na alumini nyingi, uliochakaa sana, huitwa Ferasoli, kutoka ferrum, chuma. Ulio na uchachu, ambao mfinyanzi wake umezama tabaka ya chini, huitwa Akrisoli. Mfinyanzi mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi huitwa Vetisoli, kutoka vertere, kugeuza, kwa kuwa hujigeuza wenyewe. Majina hayo yana faida, maana mtu wa Brazili huweza kusemezana na mtu wa Songea juu ya udongo wa namna moja. Lakini hayamwambii mkulima achimbe wapi na lini.

Jambo linalotutia wasiwasi ni hili. Kahawa iliingia Umatengo katika miaka ya 1920, nayo ikaleta fedha na kazi nyingine. Watu wameongezeka, wengi wameteremka kutoka milima ya zamani na kufungua mashamba katika nchi ya miombo iliyo chini. Kuchimba ngoro ni kazi nzito, na uzito wake mkubwa huwaangukia wanawake. Hatuwezi kumlaumu binti asiyetaka kuinama kama mama yake alivyoinama. Lakini mahali ngoro zinapoachwa bila kitu kingine kushika nafasi yake, mvua haibadili tabia yake kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo twawaomba waalimu na mapadre walio katika nchi hizi wafanye mambo mawili. La kwanza, wawapeleke watoto mtelemkoni siku ya mvua kubwa, wakinge katika chupa moja maji yanayotoka shamba lililo wazi, na katika chupa ya pili maji yanayotoka shamba la ngoro, wayaache yatue hata asubuhi, kisha wapime matope ya kila chupa. La pili, wawaulize wazee, na hasa akina mama, majina ya kila udongo kutoka kileleni hata kijitoni, wayaandike pamoja na sababu zake. Aliyelishika jembe miaka 50 hujua ni wapi shimo hukauka mapema na ni wapi maharagwe huoza. Maarifa hayo asipoulizwa, ataondoka nayo.